Kwa Nini Magonjwa ya Kulegea Viungo Huchelewa Kutambuliwa

Mkazi wa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, anayesumbuliwa na maumivu ya viungo huanzia katika zahanati. Akihitaji uchunguzi zaidi hupelekwa Hospitali ya Wilaya iliyopo Kilindoni, na ikibidi huvuka bahari kuelekea hospitali za rufaa Bara. Kwa magonjwa ya kurithi ya tishu unganishi, hata mwisho wa safari hiyo jibu huweza kukosekana.

Tishu unganishi hushikilia viungo, ngozi na mishipa ya damu, na uimara wake hutokana kwa sehemu kubwa na protini iitwayo kolajeni. Kundi mojawapo la magonjwa hayo ni Ehlers-Danlos. Uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2017 ulitaja aina 13. Aina 12 huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba. Ile ya kulegea viungo, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, haina kipimo hicho. Damu haiioneshi, wala picha ya eksirei. Daktari hutegemea macho, mikono na historia ya familia.

Hutumika alama 9 za Beighton: kidole kidogo kukunjwa nyuma kupita nyuzi 90, dole gumba kugusa mkono wa mbele, kiwiko na goti kupinda kinyume, na viganja kugusa sakafu magoti yakiwa yamenyooka. Mtu mzima asiyezidi miaka 50 akipata alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa na viungo vilivyolegea. Ugumu huanzia hapo, kwa kuwa ulegevu peke yake si ugonjwa. Utafiti uliofanywa na Beighton na wenzake miongoni mwa Watswana wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1973, ulionesha kuwa ulegevu hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwamba wanawake huwazidi wanaume.

Maumivu nayo hufanana na ya maradhi mengine. Mengi huitwa baridi yabisi bila uchunguzi, na selimundu, ambayo ina kipimo cha damu, huuma mifupa na viungo vilevile. Michubuko inayotokea kwa urahisi haionekani vyema kwenye ngozi nyeusi. Mtoto anayeteguka mara kwa mara huishia kuitwa mvivu.

Kuchelewa huko kuna hatari. Ugonjwa wa Marfan, ambao nao hulegeza viungo, hutanua mshipa mkuu wa moyo hadi ukaweza kupasuka ghafla. Aina ya Ehlers-Danlos inayoshambulia mishipa ya damu huua kwa namna hiyohiyo. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kinachopatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, huonesha kutanuka huko mapema.

Kwa hiyo mgonjwa anayefika zahanati aeleze kama ameteguka mara nyingi, kama vidonda vyake huacha makovu mapana, na kama katika ukoo yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mjamzito mwenye dalili hizo amweleze mkunga katika hudhurio la kwanza, kabla ya kupangiwa mahali pa kujifungulia.