Kitochi: Simu Inayochekwa na Isiyoachwa

Kitochi ni jina ambalo Watanzania wamelipa simu ndogo ya vitufe yenye taa ya kumulikia kichwani, na jina hilo, ambalo kiambishi chake cha udogo kimebeba mzaha kama ule uliomo katika jina jingine la simu hiyo, kiswaswadu, linaonyesha wazi daraja ambalo imewekwa katika maoni ya watu. Katika maduka ya Kariakoo, hasa yale ya Mtaa wa Aggrey, simu janja ndiyo inayopangwa mbele na kusifiwa kwa kamera yake na ukubwa wa hifadhi yake. Hata hivyo, mfanyabiashara anayekicheka kitochi mara nyingi huwa nacho mfukoni, kikiwa kimebeba laini ya miamala.

Mzazi mashuhuri wa vitochi ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, ikiwa imebuniwa kwa kuzingatia nchi zenye vumbi na umeme haba, na taa yake ikiwa ni diodi ya mwanga, yaani kipande kidogo kinachotoa mwanga kwa kutumia umeme kidogo sana. Leo nafasi hiyo imeshikwa kwa kiasi kikubwa na Itel na Tecno, chapa za kampuni ya Transsion ya China. Betri ya Nokia hiyo, BL-5C, iliigwa na viwanda vingi hata ikaingia katika redio na spika ndogo, na ndiyo maana ni rahisi kuipata kwenye meza za vifaa vya simu. Betri za namna hiyo hubeba takriban miliampia-saa 1,000, kipimo cha akiba ya umeme, ilhali simu janja nyingi hubeba 5,000. Lakini kwa kuwa kioo cha kitochi ni kidogo na hakuna programu zinazotafuta intaneti kwa siri, akiba hiyo ndogo hudumu siku kadhaa, wakati ile kubwa humalizika kwa siku moja au mbili.

Uwezo mkubwa wa kitochi umo katika USSD, yaani mazungumzo ya maandishi mafupi kati ya simu na kompyuta ya kampuni ya simu, yanayoanza kwa nyota na kufungwa kwa alama ya reli. Mtu anapobonyeza *150*00# ili kufungua M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, maandishi yake hayapiti kwenye intaneti, bali hupita katika mkondo wa ishara, njia ileile ambayo mtandao huitumia kuiarifu simu kwamba kuna anayepiga, na kwa sababu hiyo hayahitaji bando. Kila ukurasa hauzidi herufi 182, na mwenye simu akichelewa kujibu, mazungumzo hukatwa na hulazimika kuanza upya, jambo linaloudhi hasa foleni inapokuwa ndefu kwa wakala. Kwa hiyo anayesema kwamba kitochi hakina akili ameitafuta mahali pasipo pake, kwa kuwa akili yenyewe imo katika kompyuta ya kampuni, na kitochi ni dirisha tu la kuongea nayo.

Wapo pia wanaokisifu kupita kiasi, wakidai kwamba pesa iliyo kwenye kitochi haiibiki. Ni kweli kwamba programu hasidi za simu janja hazina pa kukaa humo, lakini tapeli anayetuma ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” haulizi aina ya simu, maana anachokiwinda ni mwenye simu.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS, iliyoweza kufungua intaneti na WhatsApp, na badala ya kuitafutia jina la kifahari, ikachukua lile la mzaha wa mtaani na kuiita Smart Kitochi.