Mkahawa Wenye Asili

Vijana wetu wanapofungua mikahawa huku ugenini, hutamani ukumbi ukumbushe pwani ya kale. Wengine hununua minazi ya plastiki na picha za majahazi, wakadhani kazi imekwisha. Lakini mafundi waliojenga Gede, Kilwa na Lamu hawakuanza na mapambo; walianza na vifaa vilivyokuwa karibu nao.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapigwa lipu ya chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazikuzidi sana mita 3, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Oman na nchi za Ghuba, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Katika kuta za Lamu mlikuwa na zidaka za kuwekea vyombo, na mlangoni palikuwa na baraza ya kumpokelea mgeni.

Basi mwenye mkahawa na afuate hekima hiyo: apake chokaa halisi, agawe ukumbi kwa upana wa boriti, apange sahani katika zidaka, na wanaosubiri meza wakae barazani. Makuti ayaache, maana hushika moto upesi.

Mtoto aliyezaliwa huku akiuliza kwa nini chumba ni chembamba, mzazi atakuwa na jibu. Mnazi wa plastiki hauna la kumfundisha.