Rangi ya Ukuta Ichaguliwe Mwisho

Mama mmoja aliyejenga Goba, Dar es Salaam, aliniita jikoni kwake plasta ikiwa imeshakauka. Stoo kulikuwa na ndoo tatu za rangi ya krimu, za lita 20 kila moja, alizonunua mapema bei isije ikapanda. Ukuta mmoja alikuwa ameshaujaribu. Kila kipande cha graniti alicholeta kutoka dukani, akikiegemeza pale, krimu ilionekana kama shuka lililofuliwa kwa maji ya udongo. Akaniambia mawe yote ya mjini ni mabaya. Mawe hayakuwa na kosa. Alikuwa ameanza na kitu cha mwisho.

Rangi ya ukuta dukani huchanganywa utakavyo, na ukiichoka unapaka nyingine. Jiwe unalichukua lilivyo. Kwa hiyo mimi huanza na lile lisilobadilishika kirahisi, yaani kaunta, kisha makabati, sakafu, vyuma, na rangi baada ya vyote. Kila uamuzi unausikiliza ule uliotangulia.

Krimu ya yule mama ilikuwa na umanjano, na graniti alizozipenda zilikuwa za kijivu chenye ubuluu. Rangi tulivu karibu zote zimebeba namna hiyo rangi nyingine ndani yake, na jicho haliioni mpaka vitu viwili vikae pamoja. Chukua karatasi nyeupe ya kuandikia, iweke kando ya sampuli: umanjano, uwaridi au ukijani uliojificha utajitokeza. Vitu vyenye mguso wa jamii moja huelewana hata vikitofautiana kwa weusi na weupe.

Jiwe lenyewe lifuate uwanjani linakokatwa. Kipande cha kiganja hakionyeshi mishipa wala mabaka ya bamba zima, na bamba utakalolipia ndilo ulitie alama. Hapa Kiswahili chetu hututega kidogo, maana marumaru ni jina la jiwe linalochimbwa na pia la vigae vya kiwandani. Marumaru asilia ni jamii ya chokaa, na asidi huila chokaa. Katika jiko linalokamuliwa ndimu na kulowekwa ukwaju kila siku, kaunta ya namna hiyo itapata mabaka yaliyofifia ambayo sabuni haiyaondoi, kwa kuwa ni uso wa jiwe ulioliwa. Kwa kaunta ya kupikia mimi huchagua graniti bila kusita. Nayo ina vinyweleo: dondoshea maji, subiri dakika kumi, pakiwa peusi, jiwe linahitaji dawa ya kuziba kabla manjano na mafuta ya mawese hayajaingia.

Makabati ya mninga au mkongo hupendeza sana, lakini mbao hubadilika rangi kadiri inavyopigwa na mwanga, basi usitafute kigae kinachofanana nayo kabisa leo. Ukichukua MDF au chipubodi, muulize seremala kingo zitazibwaje na kabati litasimama juu ya nini. Likikaa moja kwa moja sakafuni, maji ya kudekia yataingia kwa chini na ubao utavimba. Miguu ya plastiki yenye ubao wa kuifunika mbele hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kabati jipya.

Kwenye vigae, soma ubavu wa boksi. Kuna namba ya toleo na namba ya rangi. Maboksi ya jina moja lakini ya matoleo tofauti yanaweza kutofautiana kiasi cha kuonekana vigae vikishapangwa. Nunua vyote kwa mara moja, pamoja na ziada ya sehemu kama moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika. Na tafadhali, saruji ya kuziba mianya ya sakafu isiwe nyeupe. Kijivu kinachokaribiana na kigae kitabaki safi machoni kwa muda mrefu.

Bomba, bawaba na vishikio viwe vya mng'ao mmoja, au miwili basi. Kwa nyumba za karibu na bahari, chumvi ya hewani hula vyuma vilivyopakwa tu, kwa hiyo lipia chuma kisichoshika kutu.

Halafu vikusanye vyote jikoni kwenyewe, si dukani. Kipande cha jiwe kilazwe, mlango wa kabati usimamishwe, kigae kiwe chini, kama vitakavyokaa. Viangalie asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa zikiwa zimewaka. Taa iliyoandikwa 3000K hutoa mwanga wa njano unaofanya mbao zionekane zenye joto. Ya 6500K ni ya ubuluu, hufanya mninga uonekane umefifia na nyama ionekane imechacha. Angalia na nje ya dirisha. Kule Goba, ua wa yule mama ulikuwa bado udongo mwekundu, na jua la mchana lilikuwa likiurusha wekundu huo hadi kwenye dari. Tulisubiri mpaka ua ulipotandikwa matofali ya kijivu, ndipo tukajaribu rangi upya, kwenye vipande vya ubao tulivyovihamisha ukuta kwa ukuta.

Ikashinda nyeupe yenye mguso wa kijivu. Krimu ilikwenda vyumba vya watoto, ambako sakafu ni ya rangi ya mchanga, na kule imekaa vizuri. Nusu lita ya nyeupe ile imewekwa stoo, namba za mchanganyiko zikiwa zimeandikwa juu ya kifuniko, kwa siku sufuria itakapokwaruza ukuta.