Ndizi Alizoziacha Sungura

Dalali anataja bei ya kiwanja. Mzee aliyeletwa kukiona anakipima kwa macho, anainua uso kuutazama Mlima Meru uliokwisha kujifunika mawingu, kisha anacheka. "Kijana wangu, sizitaki mbichi hizi." Dalali naye anacheka, anapunguza kidogo, na mazungumzo yanaanza upya.

Lemara, kusini mwa katikati ya jiji la Arusha, hakuna anayehitaji kufafanuliwa kauli hiyo. Husikika kwa kinyozi, kwenye kifodi, hata kikaoni pale mtu aliyenyimwa uenyekiti anapodai kwamba hakuwa akiutaka. Watumiaji wake wengi hawajashika kitabu ilimotoka kwa miaka thelathini au arobaini, na wengine hawakuwahi kukiona kabisa. Ni jina la somo la shule ya msingi: sungura anaona ndizi mbivu juu ya mgomba, anaruka, anaruka tena, anashindwa, anaondoka akijisemea kwamba hazijaiva.

Kisa chenyewe kimetembea. Kinahusishwa na Esopo, msimulizi wa Wayunani wa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na huko mhusika ni mbweha na tunda ni zabibu. Kilipoingia katika vitabu vya Kiswahili, mbweha alimwachia nafasi sungura, ambaye tayari alikuwa bingwa wa hadithi za huku, na zabibu zikawa ndizi. Mtoto wa Arusha hakuwa na haja ya kueleweshwa mgomba ni nini. Ulikuwa nyuma ya nyumba.

Watanzania waliopita shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980 wanaijua vizuri orodha hii ya masomo ya kitabuni: Juma na Roza, Manenge na Mandawa, Bulicheka na Wagagagigikoko, Kibanga Ampiga Mkoloni. Taja jina moja mbele ya watu wa rika hilo, jingine litajibu lenyewe. Mmoja ataanza sentensi, mwenzake ataimalizia, na wa tatu ataeleza ule mchoro ulivyokuwa, nani amesimama kushoto na nani ameanguka.

Sababu ya kumbukumbu hiyo ya pamoja iko wazi. Nchi nzima ilisoma kitabu kimoja. Mwishoni mwa 1977, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza kutekelezwa, watoto waliingia madarasani kwa wingi ambao haujapata kuonekana, na vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu vikawasubiri Mtwara kama vilivyowasubiri Bukoba na Arusha. Vitabu havikutosha. Watoto wanne au watano waliinamia kitabu kimoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuatisha kwa kidole, na kengele ikilia vitabu vinarudi kabatini. Nyumbani mtoto alirudi mikono mitupu, kwa hiyo alikibeba kisa kichwani. Ndiyo maana kwa Mtanzania wa rika hilo kurudia kitabu cha utotoni huanza mdomoni, na mara nyingi huanzia katika kundi la watu.

Kwa watoto wa miteremko ya Meru kulikuwa na jambo la ziada. Wengi walitoka nyumba zilizozungumza Kiarusha au Kimeru, na Kiswahili sanifu walikikuta ubaoni na kwenye kurasa hizo. Maneno ya bahari waliyajua kabla ya bahari. Mtoto aliyekulia juu ya mita elfu moja na mia nne, ambaye maji makubwa kwake ni Mto Themi wakati wa masika, alijifunza tanga, nanga na papa kwa hisani ya hadithi.

Papa huyo ana historia yake. Ni yule rafiki wa kima, aliyembeba mgongoni kwenda kwao, na katikati ya safari akamfichulia kwamba mfalme anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba kwao mioyo huachwa mtini, warudi wakauchukue. Askofu Edward Steere alikichapisha kisa hicho mwaka 1870, katika hekaya alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Lakini ni cha zamani zaidi ya hapo: kimo katika Panchatantra ya Wahindi, na Waarabu wanacho katika Kalila na Dimna, ambamo kobe ndiye anayembeba kima. Mtoto humshangilia kima. Mtu mzima aliyekwisha kudhamini mkopo wa rafiki humwangalia zaidi papa, na kujiuliza ni lini hasa urafiki ule uligeuka.

Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayowarudisha watu kwenye vitabu hivi. Shairi la Karudi Baba Mmoja ni mfano. Baba mgonjwa anajiwa na wanawe, anawaambia utajiri umo shambani, na wao wanachimba wakitafuta hazina. Hazina hawaioni, lakini ardhi iliyotifuliwa inawapa mavuno. Nalo lina ndugu yake katika hadithi za Esopo. Darasani lilikaririwa kama wito wa kilimo. Leo Lemara, ambako shamba linageuka kiwanja mwaka hadi mwaka, shairi hilo husomwa na mtu aliyerithi kipande kisichotosha mstari wa mahindi. Na huku Meru ardhi haijawahi kuwa neno jepesi: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalifikisha lalamiko lao Umoja wa Mataifa, New York. Babu aliyekuwa na habari hizo hakusoma Kibanga Ampiga Mkoloni kama kichekesho.

Kuna rafu nyingine ya vitabu, ya wakubwa zaidi. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Rider Haggard iliyotafsiriwa na Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili. Vizazi kadhaa viliisoma kwa pumzi moja: jangwa, vita, ajuza Gagula, mlango wa mwamba unaoshuka polepole. Kijana alitaka tu kujua kama Allan Quatermain atatoka hai.

Mtu mzima wa Arusha akikirudia kitabu hicho huulizia almasi. Quatermain anatoka pangoni mifuko imejaa, na kisa kinaliona jambo hilo kuwa la kawaida. Lakini kuna Ignosi, mfalme wa nchi ile, anayetangaza mwishoni kwamba hataki wazungu wengine wavuke milima yake kwa bunduki na biashara zao. Watoto hupita hapo mbio. Msomaji anayeishi mwendo wa saa chache kutoka Mirerani, ambako tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967 na ambako ukuta wa kilomita zipatazo 24 ulizinduliwa mwaka 2018 ili kuzuia madini yasitoroshwe, husimama na kumsoma Ignosi mara mbili.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, nayo huzeeka pamoja na msomaji wake. Mtoto hunasa kwenye fumbo: kwa nini liwali mwema anawachapa manyani wawili kila usiku, naye huku akiumia moyoni? Msingi wa kisa umo katika Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wale waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawapa majina yanayojieleza, Hasidi na Mwivu. Mtoto hukumbuka manyani. Aliyekwisha kukaa kikao cha mirathi hukumbuka majina.

Wengine hawaishii kusoma; hutafsiri upya. Mwaka 1940 Elisi wa Lewis Carroll aliingia katika Kiswahili akiwa amechorwa kama binti wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, Mtanzania na mwalimu wa Kiswahili London, akatoa tafsiri mpya kabisa, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Kuvipata vile vitabu vya shule ndiyo kazi. Riwaya za Shaaban Robert huchapwa tena na huuzwa madukani. Tujifunze Lugha Yetu ya zamani haimo. Mitaala imebadilika mara kadhaa na nakala zilichakaa mikononi mwa wengi. Zilizobaki huibuka katika marobota ya karatasi kuukuu, kwenye sanduku la mwalimu mstaafu, au zikiwa picha za simu zenye kivuli cha kidole pembeni. Picha hizo huzunguka katika makundi ya familia, na ukurasa wa sungura ndio hufika mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo wajukuu wa Lemara huleta tatizo. Wakisomewa kwamba sungura aliziacha ndizi kwa sababu ni mbichi, huuliza kwa nini. Swali lao lina uzito. Katika Soko la Kilombero, hapa Arusha, ndizi mbichi ndizo zinazogombewa asubuhi. Ndizo za mtori, ndizo za nyama, na mkungu mzuri hukatwa ukiwa kijani. Mkungu ule aliousingizia sungura, hapa ungefungwa nyuma ya bodaboda, na kabla ya saa sita ungekuwa umekwisha kumenywa.