MAABARA YA TAIFA NA AJIRA ZA VIJANA

Karibu na mji wa Cape Town, katika nchi ya Afrika Kusini, ipo maabara ya taifa ya fizikia iitwayo iThemba LABS. Neno iThemba maana yake ni tumaini. Humo umo mtambo wa saiklotroni, uwezao kuzipa protoni nguvu ya elektroni-volti milioni 200.

Wengi hudhani kwamba mahali kama hapo ni pa maprofesa peke yao. Sivyo hata kidogo. Mwanafizikia hawezi kufanya lolote bila fundi umeme, fundi mitambo, mwendeshaji wa saiklotroni na msimamizi wa kinga dhidi ya mionzi. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao hufanya hapo utafiti wa shahada zao, bila ya kulazimika kuvuka bahari.

Askari ataielewa vyema kazi hiyo. Miongoni mwa dawa zilizopata kutengenezwa hapo ni iodini-123, itumikayo kuchunguza tezi ya shingoni. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 13. Basi zamu ikizembewa, mgonjwa ndiye aumiaye. Kwa hiyo zamu na amri huheshimiwa kama langoni mwa kambi.

Hapana budi wazazi wavaao sare walizingatie jambo hili. Mlango wa maabara haufunguliwi siku ya kuomba kazi. Hufunguliwa darasani, siku mtoto akataapo kuziacha hesabu na fizikia.