Usimkemee mwanao wa chuo akifungua redio mbovu

Na Mwandishi Wetu

NI wakati wa likizo. Kijana wako wa chuo kikuu aliwasili Chebunyo jana jioni, na leo asubuhi umemkuta nyuma ya nyumba ameshika bisibisi, ile redio kaseti yako ya zamani imelazwa chali na matumbo yote nje. Karo yake umeilipa kwa maziwa na mahindi, au pengine kwa ujira wa kuchuma majani chai kule Kericho. Ulitarajia kumwona na kitabu mkononi. Kabla hujafoka, msomaji mpendwa, hebu muulize anatafuta nini.

Huenda akakujibu kwamba anataka ile mota ndogo inayozungusha kanda, kwa sababu anaunda roboti. Usicheke. Roboti si lazima iwe na kichwa na miguu kama zile za sinema. Ni mashine yenye mambo matatu: kifaa cha kuhisi mwanga, joto au umbali, kompyuta ndogo ya kuamua, na mota ya kutenda kilichoamuliwa. Hiyo kompyuta siku hizi ni bodi inayotosha kiganjani. Moja iliyoenea sana, Arduino, ilibuniwa mwaka wa 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, mahsusi kwa wanafunzi wasio mabingwa wa elektroniki.

Chukua zoezi ambalo wanafunzi wengi wa uhandisi huanza nalo: kigari kinachofuata mstari mweusi sakafuni. Ndani ya maabara kinakwenda vizuri. Kitoe nje, juani, nacho kinapotea kama mlevi. Kwa nini? Kifaa chake cha kuhisi hutumia miali isiyoonekana kwa macho, na jua nalo limejaa miali hiyo hiyo. Au mota zinapoanza kuzunguka kwa pamoja, nguvu ya betri inashuka ghafla, kompyuta inazima, inajiwasha, inazima tena. Mwanafunzi anakesha. Anapima, anabadilisha nyaya, anaandika programu upya. Kanuni ya Ohm aliyoikariri kwa ajili ya mtihani (mwandishi huyu aliisahau wiki moja tu baada ya wake) sasa inamkaa akilini, maana imemnyima usingizi. Hapo pia ndipo utafiti unapoanzia: kukisia, kujaribu, kushindwa, kuandika kilichotokea, kisha kujaribu tena.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari. Magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yalitengenezwa na kuzinduliwa 1990. Hayakufika sokoni, na wengi wetu tuliyafanyia mzaha. Hata hivyo, watu waliojifunza kukata chuma na kusubu injini kwa mikono yao hawakurudi walivyokuwa, na kutokana na mradi huo kikazaliwa kiwanda cha Numerical Machining Complex jijini Nairobi.

Utauliza: na gharama? Mwaka wa 2012 mtandao wa roboti barani Afrika, AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulishindanisha watu kubuni roboti ya kufundishia ya takriban dola 10. Mojawapo ya zilizoshinda, iliyoundwa na Tom Tilley aliyekuwa akiishi Thailand, iligharimu dola 8.96. Ilitokana na kifaa cha kuchezea michezo ya video, na ili isipinduke iliwekewa pipi mbili za kijiti kama uzani. Naam, pipi! Printa iliyokufa ofisini ina mota nzuri ndani yake, na fundi wa redio huko Bomet mjini hutupa vitu ambavyo mwanafunzi angevilipia.

Lakini kuna swali zito zaidi, hasa kwenu mnaoishi jirani na mashamba ya chai. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai Kericho, wakilalamika kwamba zimewanyang'anya kazi. Mashine hizo si roboti. Hukata kwa wembe kila kinachojitokeza juu ya kichaka, wakati mkono wa mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi, ukaacha yaliyokomaa. Kuifundisha kamera itofautishe chipukizi na jani gumu, huku upepo ukitikisa na umande ukimetameta, ni utafiti wa kumtosha mwanafunzi hadi shahada ya uzamili.

Na akifaulu? Atakuwa ameunda mashine ya kuchukua nafasi ya mamake. Sitaki kulikwepa jambo hili, kwani wahadhiri wengi hulipita haraka. Mwanafunzi aliyetoka familia ya wachumaji analo swali ambalo mwenzake wa kwingineko hatalifikiria: ni kazi ipi hasa inayomchosha mtu, na ipi inayomlisha? Kupanda mlima na kapu lililojaa mgongoni kunachosha. Mkokoteni unaomfuata mchumaji wenyewe haungemwondoa kazini. Upande wa Chebunyo, ambako mvua si ya kutegemewa kama kule kwenye chai, kifaa kinachohisi unyevu wa udongo na kufungua maji bustanini usiku kingefaa zaidi ya roboti yoyote ya kucheza dansi kwenye maonyesho.

Maswali hayo hayapatikani maabara. Yako kwako, nyuma ya nyumba, karibu na hiyo redio. Kwa hiyo mpe ile mota. Kisha kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali, mpeleke bustanini umwonyeshe mahali unapoteka maji, ni madumu mangapi kwa siku, na ni mimea ipi hunyauka kwanza. Mwambie aje na daftari.