Turathi za Ng'ambo na Wenyewe Wakaao

Mintarafu ya turathi za mji, ada ya wataalamu ni kuanza na jengo: hupimwa kuta zake, hukadiriwa umri wake, husifiwa nakshi ya mlango wake, kisha jina lake hutiwa daftarini, na Mji Mkongwe wa Unguja, wenye mengi ya kupimika hivyo, uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilhali Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyokwisha kufukiwa, ambako nyumba nyingi zilikuwa za fito na udongo, ilibaki nje. Na huko Ng'ambo ndiko alikoishi mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na ndiko iliko Raha Leo, palipotangazwa redioni Mapinduzi ya Januari 1964.

Ulipoandaliwa mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, wapangaji wa mji walifuata njia inayoafikiana na pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, nayo ni kuwashirikisha wakazi, kwa kuwauliza, katika kuitambua mitaa yao. Kuuliza huko kuna ufundi wake, na aghalabu ndipo kazi hii huharibika. Ukimwuliza mzee barazani hapa pana historia gani, yamkini atakuelekeza Forodhani, kule Mji Mkongwe, madhali ameambiwa miaka yote kuwa historia iko huko. Lakini ukimwuliza maulidi husomwa wapi, ngoma ilichezwa uwanja gani, na kina nani huketi baraza ipi baada ya alasiri, atakutajia mwembe uliokwisha kukatwa, na mwenziwe aliye kando atambishia ulisimama wapi. Ubishi huo, kwa rai yangu, uandikwe kama ulivyo, na ramani za kale zije baadaye kuuamua, zikiweza.

Tena baraza aghalabu ni ya wanaume, na anayeishia hapo amesikia nusu ya mtaa. Nusu ya pili iko uani, na huko sharti apige hodi mwanamke.

Wako pia wanyamazao kwa hofu, kwani mwenye nyumba akisikia neno hifadhi hudhani hatapewa ruhusa ya kubadili bati wala kumwongezea chumba mtoto aliyeoa, na dhana hiyo si ya upuuzi. Basi na aambiwe mapema, kabla hajajibu swali hata moja, kitakachoandikwa kitamfunga kwa lipi, na kitamwacha huru kwa lipi.